MS inapoamka: namna ya kukaa na ganzi na kizunguzungu

Ukifika zahanati yoyote ya Mbeya ukasema una kizunguzungu, utapimwa presha. Ikiwa sawa, inafuata malaria, taifodi, halafu mkojo. Ukiongeza kwamba mguu nao una ganzi, utaulizwa kama kwenu kuna mwenye kisukari, na mara nyingi utaondoka na vidonge vya vitamini B. Silaumu mpangilio huo, maana hayo ndiyo yanayowapata watu wengi huku. Tatizo ni yule ambaye vipimo vyote vinatoka safi, na bado ganzi inapanda kutoka vidoleni hadi kiunoni kwa siku tatu nne, chumba kinazunguka, kisha baada ya wiki kadhaa kila kitu kinaondoka chenyewe. Mwaka unaofuata yanarudi, safari hii na jicho linaloona ukungu. Kwa mtu wa namna hiyo, hasa mwanamke wa miaka 20 hadi 40, multipo sklerosisi ni jina linalopaswa kutajwa. Wagonjwa na madaktari huiita MS tu, nami nitaiita hivyo.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye jina hilo limeshatajwa, pamoja na ndugu anaokaa nao. Ugonjwa ukiamka, watu huuliza mambo mawili: ganzi niifanyeje, na kizunguzungu nikifanyeje. Majibu ya maswali hayo hayafanani, karibu yanapingana, na ndiyo maana wengi hukwama. Lakini kuna swali linalotangulia, ambalo karibu kila mtu huliruka: je, ugonjwa umeamka kweli?

Kinachotokea ndani

Nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo zimevikwa tabaka la mafuta liitwalo mayelini. Tabaka hilo halifuniki uzi wote. Linaacha mapengo madogo madogo, na ishara ya umeme huruka kutoka pengo hadi pengo. Ni kama Kosta inayotoka Mbeya mjini hadi Tukuyu bila kupakia njiani. Katika MS, chembe za kinga ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu huugeukia mwili wenyewe na kulichubua tabaka hilo. Kosta inageuka daladala: inasimama kila kituo, inachelewa, na siku nyingine haifiki. Tofauti ya mwendo si ndogo. Uzi mnene wenye mayelini unaweza kupeleka ishara kwa kasi ya hata mita 100 kwa sekunde. Uzi usio nayo huenda mita 1 au 2.

Palipochubuka baadaye hubaki kovu. Makovu hayo ndiyo Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris, aliyoyaunganisha na dalili za wagonjwa wake mwaka 1868, na tangu hapo ugonjwa ukawa na sura inayotambulika. Mahali kovu lilipo ndipo panapoamua utaugua nini. Likiwa kwenye uti wa mgongo, utapata ganzi ya miguu, au ya kiuno kushuka chini, au hali ya kubanwa kifuani kama umefungwa mkanda, ambayo wengi huikimbizia hospitali wakidhani ni moyo. Likiwa kwenye shina la ubongo au serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, utapata kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili na kuyumba. Likiwa kwenye neva ya jicho, ukungu na maumivu jicho linapogeuka.

Duniani wenye MS ni karibu watu milioni 2.9, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Kwa ujumla ugonjwa huongezeka kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, na sisi tupo nyuzi kama 9 tu kusini yake. Jua na vitamini D vinahusishwa na jambo hilo, urithi nao una sehemu yake, na utafiti mkubwa wa mwaka 2022 uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani ulionyesha kwamba hatari ya MS hupanda mara 32 mtu akishaambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Ila kirusi hicho karibu kila mtu mzima anacho, kwa hiyo peke yake hakitoshi kumuuguza mtu. Kwa msomaji wa huku la kushika ni hili: MS ni adimu kwetu, lakini ipo, na uadimu wake ndio unaofanya watu wazunguke miaka kabla ya kuambiwa.

Umeamka, au umechokozwa?

Shambulio la kweli lina masharti yake. Ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi waziwazi. Inadumu saa 24 au zaidi bila kukatika. Haina homa wala maambukizi nyuma yake. Na angalau siku 30 zimepita tangu shambulio la mwisho lianze kutulia. Halitokei ghafla, linajijenga kwa saa au siku kadhaa, linakaa siku au wiki, kisha linashuka taratibu kwa wiki au miezi.

Sasa mchukue mtu anayefua mashuka uani saa saba mchana, mwezi wa Oktoba. Ganzi ya mwaka jana inarudi kwenye mkono uleule, jicho lilelile linafifia. Anaketi kivulini, anakunywa maji ya baridi, na baada ya nusu saa yupo sawa. Hilo si shambulio. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, alilieleza mwaka 1890 kwa wagonjwa waliopoteza uono baada ya kutoka jasho. Ishara ya neva husukumwa na sodiamu inayoingia kwenye uzi kupitia vijilango vidogo, na joto likipanda vijilango hivyo hufunga mapema zaidi. Uzi mzima una akiba ya kutosha, hauhisi tofauti. Uliochubuka hauna akiba, hivyo ishara inakatika njiani. Joto la mwili kupanda nusu nyuzi tu kunatosha. Kabla MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo na uti wa mgongo, haijaja, madaktari wa ng'ambo walikuwa wakimlaza mgonjwa kwenye maji ya moto makusudi ili waone dalili zikiibuka. Hakuna kovu jipya linaloongezeka. Makovu ya zamani yamechokozwa.

Kwa upande huu Nyanda za Juu Kusini ni mahali pazuri pa kuwa na MS, kama kuna mahali pazuri. Mbeya mjini iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Makete na Njombe zina baridi kuliko hapo. Matatizo huanza ukiteremka. Safari ya Kyela kwenye msiba, siku mbili za mavuno ya mpunga Usangu, au basi la Dar linaloshuka Kitonga na kukuingiza kwenye joto la Morogoro mchana, vinaweza kuibua kila dalili uliyowahi kuwa nayo. Beba kanga ya kulowesha na kuizungusha shingoni, chupa ya maji yaliyoganda, na uchague kiti cha upande usiopigwa na jua. Ukifika ukapoa na dalili zikaondoka, tulia, hukuhitaji dawa.

Baridi nayo ina hila yake. Misuli ya miguu ya wenye MS wengi hukakamaa zaidi kwenye baridi kali, kwa hiyo Juni na Julai mtu anajikuta anakwepa joto huku na baridi huku. Nguo tatu nyepesi unazoweza kuvua moja moja zinasaidia kuliko koti moja zito.

Mchokozi mwingine ni maambukizi, na hapa kile kipimo cha mkojo nilichokitaja mwanzo kinastahili heshima. MS mara nyingi huharibu kazi ya kibofu, mkojo haumaliziki, na bakteria hupata makao. Kwa kuwa hisia za sehemu hiyo nazo zimepungua, UTI inaweza kukaa bila kuchoma hata kidogo, ikajitokeza tu kama miguu mizito na ganzi iliyozidi. Ukitibu mkojo, miguu inarudi. Malaria, mafua makali, hata jino bovu vinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana hakuna daktari makini atakayekupa dawa ya shambulio kabla ya kukupima homa na mkojo.

Jambo moja halingoji masharti hayo yote. Ganzi au udhaifu wa upande mmoja uliokuja kwa dakika, mdomo ulioenda upande, maneno yanayokwama, au kizunguzungu cha ghafla pamoja na kichwa kinachopasuka: hicho kichukulie kuwa ni kiharusi, kwenda hospitali ni saa hiyohiyo, uwe na MS au usiwe nayo. Vilevile mkojo uliogoma kutoka, miguu yote miwili kulegea, kushindwa kumeza, au homa yenye shingo kukaza.

Kizunguzungu

Ili usimame wima, ubongo husikiliza mashahidi watatu: sikio la ndani, macho, na nyayo na viungo vinavyosema ardhi iko wapi. Mzima akipoteza mmoja, wawili wanambeba. Mwenye MS anaweza kupoteza wawili kwa mpigo. Kovu kwenye shina la ubongo linavuruga habari za sikio, na ganzi ya miguu inanyamazisha nyayo. Anabaki na macho. Hapo ndipo ganzi na kizunguzungu vinapokutana, na ndiyo maana mtu anayetembea vizuri sebuleni mchana huanguka usiku.

Fikiria choo cha nje. Saa nane usiku, umeme umekatika, njia ina mteremko na mvua ya jioni imeacha utelezi. Mwenye MS anafungua mlango na shahidi wake wa mwisho anaondoka. Kwa wiki za shambulio, ndoo yenye mfuniko chumbani haina aibu yoyote. Kama lazima utoke, tochi iwe mkononi kabla hujasimama kitandani, ielekee chini hatua mbili mbele, na mkono wa pili ushike ukuta au bega la mtu. Kamba iliyofungwa imara kutoka mlango wa nyuma hadi chooni ni kazi ya nusu saa kwa kijana yeyote wa nyumbani. Hali hiyohiyo hukupata bafuni unapofumba macho kunawa uso: nawa umekaa kwenye kigoda.

Si kila kizunguzungu cha mwenye MS kinatoka kwenye MS. Ndani ya sikio kuna fuwele ndogo za chokaa ambazo zinaweza kuchomoka na kuingia kwenye mirija ya usawa. Dalili yake haifichiki: unajigeuza kitandani, au unatazama juu kuchukua sufuria kabatini, na dunia inazunguka kwa nguvu kwa sekunde kadhaa, haifiki dakika, kisha inatulia. Aina hii ni ya kawaida sana hata kwa wenye MS, na haihitaji kidonge. Inarekebishwa kwa kulazwa na kugeuzwa kichwa hatua kwa hatua mpaka fuwele zirudi mahali pake, njia aliyoianzisha daktari John Epley wa Marekani. Mtaalamu wa masikio au wa fiziotherapia anaijua, na ni dakika chache. Kizunguzungu cha shambulio la MS ni tofauti: kinakaa saa na siku, hata ukilala bila kujigeuza, na mara nyingi kinakuja na kuona viwili au uso wenye ganzi.

Na kuna cha tatu ambacho huku hatukisemi vya kutosha. Msimu wa baridi jiko la mkaa huingizwa chumbani, madirisha yanafungwa, na asubuhi nyumba nzima inaamka na kichwa kizito na kizunguzungu. Hiyo ni kaboni monoksidi, na inaua. Ikiwa kizunguzungu kinakupata wewe na watoto kwa pamoja, usifikirie MS. Toeni jiko nje na mtoke nanyi.

Kizunguzungu cha shambulio chenyewe, siku mbili tatu za mwanzo ni za kuvumilia. Lala kichwa kikiwa kimeinuliwa, chumba kiwe na mwanga kiasi, kazia macho kitu kimoja kisichotembea. Kunywa maji kidogo kidogo. Uji mwepesi au mtori unakaa tumboni kuliko ugali. Kama unatapika, daktari anaweza kukupa promethazini, prokloperazini au sinarizini. Shida ni kwamba dawa hizi zinapatikana duka lolote la dawa Mwanjelwa au Mafinga, na watu huzimeza miezi. Zinafanya kazi kwa kuulaza ule mfumo wa usawa, wakati ubongo unahitaji mfumo huo uwe macho ili ujifunze upya kuutafsiri. Baada ya siku mbili tatu, kila kidonge unachoongeza kinachelewesha kupona. Sinarizini ikitumiwa muda mrefu, hasa na wazee, inaweza hata kuleta kutetemeka kunakofanana na ugonjwa wa Parkinson.

Kinachofuata ndicho kigumu kumshawishi mtu: inabidi ukichokoze kizunguzungu chako. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyoosha kidole gumba mbele yako, kikazie macho, kisha geuza kichwa kushoto na kulia taratibu huku macho yakibaki kwenye kidole. Anza na nusu dakika, mara kadhaa kwa siku, na mtu awe karibu. Utasikia kichefuchefu kidogo. Kikizidi sana, punguza kasi. Baadaye fanya umesimama huku umeshika meza, halafu tembea barazani ukigeuza kichwa. Ndugu wenye huruma ndio wanaoharibu hapa, kwa kumlaza mgonjwa wiki tatu na kumletea kila kitu kitandani. Pole zenu anazipokea, lakini mpeni mkono ainuke.

Kuhusu majirani, sijui kama nina dawa yao. Mtu anayeyumba barabarani saa tatu asubuhi Iringa, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ameshahukumiwa kabla hajasalimiwa. Fimbo inasaidia mambo mawili hapo: inakushika, na inawaambia watu kuwa unaumwa. Pikipiki na ngazi ni marufuku mpaka wiki ipite bila dunia kuzunguka, na dereva wa bodaboda mwenye MS hilo amwambie daktari wake wazi, kwa sababu ndiyo riziki yake na atashawishika kurudi mapema.

Ganzi

Ganzi haina dawa ya kuiondoa. Afadhali hili lisemwe mapema kabla mtu hajauza mbuzi. Kuna dawa za kupunguza yale yanayokuja nayo, yaani kuwaka moto, kuchomwachomwa kama sindano, shoti inayoshuka mgongoni ukiinamisha shingo. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku ni ya bei ya chini na inapatikana, ingawa inaleta usingizi na kinywa kukauka. Gabapentini na pregabalini nazo hutumika. Lakini kule kutohisi kwenyewe kunangoja neva zitulie. Mara nyingi hutulia, kwa ukamilifu au kwa sehemu.

Vitamini B naieleza kwa sababu kila mtu atakushauri. Upungufu wa B12 huleta ganzi ya kweli, na kuupima ni jambo la busara. Lakini kama hupungukiwi, sindano za B hazirudishi mayelini iliyochubuliwa na kinga ya mwili. Tena B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu neva na kuleta ganzi. Wale wa vidonge vya TB wana sababu yao ya kupewa B6; hao wafuate daktari wao.

Wakati unangoja, kazi ya ngozi inafanywa na macho. Asubuhi ya Julai kule Uyole, mvuke unapanda kwenye ndoo. Mwenye ganzi anatia mguu kwanza kama alivyozoea maisha yake yote, na mguu haumwambii kitu. Mwalimu mmoja wa huko alisimama kwenye beseni akijisugua mpaka mdogo wake alipoingia na kuona ngozi imekuwa nyekundu. Jioni malengelenge yakatoka. Siku hizi anamimina maji baridi kwanza, ya moto baadaye, na anapima kwa kiwiko cha kushoto, maana kiganja cha kulia nacho hakiaminiki. Maji ya moto sana, kumbuka, yangemletea pia ile hali ya Uhthoff, kwa hiyo vuguvugu linatosha hata kama mifupa inalia. Kuota moto ni hivyohivyo: kaa mbali kuliko wengine, na angalia miguu yako kila baada ya muda, usingoje ikuambie.

Kandambili ziweke pembeni. Mguu wenye ganzi huziacha njiani bila habari, ukajikuta unatembea peku juu ya mabua ya mahindi. Vaa kiatu kilichofunikwa chenye soli nyembamba kiasi, soli nene inakunyima hata ile hisia kidogo iliyobaki, na kikung'ute kabla ya kuvaa. Usiku kagua nyayo; asiyeweza kuinama atumie kioo. Jikoni, kisu kikatie kwenye kibao badala ya hewani mkononi, na chungu ukishike kwa mkono wenye hisia huku mwingine ukisaidia. Kikombe chenye mpini wa kutosha vidole vinne hakianguki ovyo kama glasi. Mtoto mchanga asiogeshwe na mikono yenye ganzi, na hili linawahusu wengi: mashambulio hupungua miezi ya mwisho ya ujauzito na kuongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, wakati ule nyumba ina mtoto wa kuogesha.

Wapo watakaokuambia umekanyaga kitu ulichotegewa. Sitabishana na imani ya mtu, ila nitasema namna MS inavyomsaidia kila mganga. Shambulio likifikia kilele hushuka lenyewe. Chochote ulichotumia wiki ileile, iwe mizizi, mafuta ya upako, sindano ya vitamini au kulala kwa shangazi, kinapata sifa. Halafu mwaka mwingine ugonjwa unaamka na unarudi kulipa tena.

Dawa ya shambulio

Dawa yenyewe ni steroidi, dawa inayotuliza kinga ya mwili, kwa dozi kubwa: methilprednisoloni gramu 1 kwa dripu kila siku kwa siku 3 hadi 5, au miligramu 500 kwa mdomo kwa siku 5. Dozi kubwa ya mdomo haizidiwi na dripu. Kinachopatikana ni kupona mapema. Hali utakayofikia mwishoni haibadiliki, utumie usitumie, kwa hiyo ganzi isiyozuia kazi inaweza kuachwa bila aibu, wakati kizunguzungu kinachomlaza mtu au miguu inayolegea hutibiwa.

Isije mtu akadhani ataipata kwa vidonge viwili vya prednisoloni kutoka dukani. Gramu 1 ya methilprednisoloni inalingana na vidonge 250 vya prednisoloni vya miligramu 5. Sisemi hivyo ili mtu avimeze. Nasema ili ijulikane kwamba kipimo cha dukani hakigusi shambulio, na kikitumiwa wiki nyingi kinazilaza tezi za juu ya figo kiasi kwamba kukiacha ghafla ni hatari. Steroidi hupandisha sukari na presha, hunyima usingizi, huleta ladha ya chuma mdomoni na wakati mwingine hasira au furaha isiyo na sababu. Kwetu kuna mawili ya ziada ya kumuuliza daktari kabla ya dripu ya kwanza: TB iliyolala, ambayo steroidi inaweza kuiamsha, na minyoo aina ya strongiloidi, inayoingia kupitia nyayo kwenye udongo na kukaa kimya miaka mingi. Steroidi huifungulia isambae mwilini kwa namna inayoweza kuua. Kwa mtu aliyelima peku tangu utoto, dawa ya minyoo hiyo mapema si anasa.

Dawa za kuzuia mashambulio yajayo ni habari ndefu na ya gharama. Niseme tu kwamba Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Hii ya mwisho imezoeleka zaidi kwenye saratani ya tezi za limfu, na hivyo inajulikana kwenye hospitali kubwa za saratani.

Lakini kabla ya dawa hizo jina lazima liwe sahihi. Njombe imeongoza kitaifa kwa maambukizi ya VVU katika tafiti za 2016-17 na 2022-23, na VVU huweza kuleta ganzi kwa njia zake. Mbozi na vijiji vya Mbeya, kwenye ufugaji mkubwa wa nguruwe, kuna tegu anayeweza kufika hadi kwenye ubongo. Huyo huleta zaidi kifafa na maumivu ya kichwa. Ugonjwa unaofanana sana na MS ni ule unaoshambulia jicho na uti wa mgongo kwa nguvu zaidi, NMO, ambao kingamwili yake iligunduliwa mwaka 2004. Huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu, na baadhi ya dawa za MS, kama interferoni, humzidishia mgonjwa. Aliyepofuka jicho kwa siku chache au kupooza miguu yote aulizie kipimo cha kingamwili ya NMO kwa jina.

Hayo yote huishia kwenye MRI, ambayo kwa wengi maana yake ni safari ya hospitali kubwa. Ukienda, omba upewe picha zenyewe kwenye CD pamoja na ile karatasi ya majibu, na uzitunze mbali na unyevu. Kovu ambalo bado lina moto huwaka kwenye picha mgonjwa akichomwa sindano ya dawa ya kung'arisha, na hudumu hivyo wiki chache tu. La zamani haliwaki. Safari nyingine ganzi ikirudi, daktari ataziweka picha mbili pamoja na kuona kama kuna doa jipya. Kwenye jalada la CD andika tarehe, na daftarini mwako siku dalili ilipoanza, ilipofikia kilele, kama kulikuwa na homa, na ulikuwa Makete au Kyela.